Ukutani kwa Zura

"Fundi, nimefuata picha yangu."

Cassien Nduwayo hakuinua kichwa. Alikuwa anakata pembe ya fremu, na pembe ukiikata huku unapiga soga umekwisha: ubao unaachia mwanya, na mwanya huo hata uujaze gundi kopo zima, mteja atauona tu. Alimaliza kwanza. Akapuliza unga wa mbao, akapitisha kidole, akaridhika.

"Kwa jina gani, mama?"

"Zura."

"Zura..." Alizipitia kwa macho kazi zilizoegemezwa barazani. Harusi mbili, Moyo Mtakatifu wa Yesu, askari mmoja aliyepiga picha amekumbatia bunduki kama mchumba. "Sina kazi ya Zura hapa. Uliileta lini?"

"Sikuileta. Niliiacha humo ndani. Sebuleni, mkono wa kushoto ukiingia."

Hapo ndipo Cassien alipomtazama. Mwanamke mwembamba, mtandio umefifia, ndara za kiume miguuni, na hata ndara zenyewe hazikuwa za jozi moja. Hakuwa na kikapu wala fuko. Alikuwa amesimama chini ya ngazi ya baraza, mahali wanaposimama wageni ambao hawajaambiwa karibu.

Mwezi ule wa Novemba, mwaka ule wa tisini na nne, palikuwa na mtu mmoja ambaye mtaa mzima wa Biryogo, mjini Kigali, ulimwogopa kuliko mwenye bunduki, naye ni mwenye nyumba. Unakaa katika nyumba uliyoikuta tupu baada ya vita, unafagia, unapika, umeshapaka na chokaa, watoto wameshazoea choo kiko upande gani. Halafu siku moja anasimama mtu barazani na kukuambia mlango wako unakwamia wapi. Ndivyo watu walivyoishi siku zile, masikio barazani, wanakula huku wanasikiliza.

"Spès!" Cassien aliita. "Spès, njoo kidogo."

Spès, mkewe, alitoka na mimba yake ya miezi ya mwisho, mkono mmoja kiunoni. Alimtazama yule mwanamke, akamtazama mumewe, akaelewa kila kitu kabla hajaambiwa neno. Alikulia Bujumbura kama mumewe, ila Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia nyanya.

"Huyu mama anatafuta picha," Cassien alisema.

"Picha? Hapa picha hakuna. Sisi tulikuta nyumba iko tupu. Kuta iko tupu."

Zura alinyosha shingo. Alikuwa anachungulia kupitia dirisha lililo wazi. Ukutani, mkono wa kushoto, palikuwa na alama ya mraba, chokaa nyeupe kuliko ukuta wote, na juu yake msumari.

"Naomba maji," alisema mwishowe.

Spès aliingia, akarudi na kikombe cha plastiki kilichokatika mkono, kile cha kuogeshea mtoto. Vikombe vya wageni alivipita kabatini, na Cassien aliliona hilo akaona aibu. Zura alikunywa amesimama, maji ya tangi alilolijenga mumewe, kisha akakirudisha kikombe kwa mikono miwili kama aliyefadhiliwa.

"Sikuja kuwatoa," alisema. "Nalala Gitega, mtaa wa pili huo, kwa wifi yangu, tunabanana, lakini nalala. Nataka picha tu. Mpiga picha alitupiga siku ya Idd, mimi na mume wangu na watoto wetu, mwaka kabla ya haya. Ile vita mwezi wa nne ilinikuta Gatsata, ng'ambo ya mji, nilikwenda kumwona dada yangu aliyejifungua. Niliondoka hapa asubuhi, nikawaambia narudi jioni." Akaonyesha baraza kwa kidevu. "Mume wangu Masudi namwona hata nikifumba macho. Alikuwa anashona hapo hapo ulipokaa, fundi, cherehani yake imeacha matundu ya skrubu, tazama. Lakini mtoto wangu wa mwisho sura yake inanitoka. Sauti yake ninayo, harufu ya kichwa chake ninayo. Sura naitafuta, inakuja ya mtoto mwingine. Mama gani anasahau sura ya mwanawe?"

Ndani, Gaju, binti yao mdogo, alikohoa kile kikohozi chake cha kifua ambacho hakikuwa kinaisha.

"Nitatafuta," Cassien alisema.

"Hakuna cha kutafuta," Spès alisema.

"Nitapita Ijumaa, wakitoka kuswali," Zura alisema. Akageuka akaenda zake, ndara zinapiga chini kila moja kwa mlio wake.

* * *

"Utatafuta nini?" Spès alimvaa mumewe kwa lugha yao ya nyumbani mara tu walipokuwa peke yao. "Cassien, utatafuta nini na wewe ndiye uliyezishusha zile picha kwa mikono yako?"

Ni kweli alizishusha. Walipoingia mwezi wa nane, baada ya kurudi kutoka ukimbizini Burundi, majirani wapya walisema wenye nyumba wamekwisha kuuawa wote, na Cassien hakuwa na mbao, wala kioo, wala senti. Ukutani palikuwa na fremu tatu. Mbili za bei rahisi, na moja ya mbao ya libuyu kutoka Zaire, nzito, imechongwa majani pembeni. Fundi mwenye njaa ukimwonyesha fremu kama ile ni sawa na kumwekea sahani ya wali. Alizifungua, akazisugua kwa msasa, akazipiga vanishi, akakata vioo vipya kutoka kwenye vipande vya madirisha yaliyovunjwa, maana vioo vya madirisha vilikuwa vinaokotwa kila uchochoro. Hivyo ndivyo alivyoanza kazi Kigali.

"Picha sikuzitupa," alisema.

"Uliziweka wapi?"

"Ndani. Nyuma ya zile mpya."

Spès alimkodolea macho. Hakuwahi kuijua siri hii ya ufundi, kwa kuwa hakuwahi kuiuliza. Mzee aliyemfundisha Cassien kule Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, alikuwa na sharti moja kwa wanafunzi wake: sura ya mtu haichomwi wala haiendi jalalani. Ukikuta picha ya zamani ndani ya fremu na haina mwenyewe, iweke nyuma ya ile mpya, itabana karatasi isicheze, na itakuwa imehifadhika. Ndiyo maana ukifungua fremu za mafundi wa Buyenzi unakutana na bibi harusi nyuma ya askofu, na marehemu nyuma ya kalenda. Cassien alilifuata sharti hilo miaka yote bila kufikiri. Siku ile alijiona mwema kabisa, akiwalaza watu wale nyuma ya karatasi ya mtu mwingine.

"Yake iko kwenye ile ya libuyu," alisema. "Aliinunua Mutsinzi, yule bwana mkubwa aliyetoka Uganda. Ameweka diploma yake."

"Basi ibaki huko."

"Spès."

"Ibaki huko! Wewe umeshaiona picha yenyewe, mimi sijaiona. Walisimama wapi?"

"Barazani," alisema. "Mlangoni."

Mlango wa nyumba ile haukufanana na mwingine mtaani. Masudi aliupigilia juu yake mwezi mwandamo na nyota, alivyovikata kwa bati, na upande mmoja wa mwezi ulikuwa umepinda. Mtoto mdogo angeweza kuutambua. Bayingana, mkuu wa seli, yaani kiongozi wa serikali pale mtaani, alikwisha kutangaza mkutanoni kwamba mwenye nyumba akirudi na ushahidi, aliyeingia atoke siku hiyo hiyo. Hati za Zura ziliungua, majirani waliomjua walikufa au walikimbia. Alikuwa na maneno matupu tu. Picha ile ingekuwa ushahidi.

"Umesahau tulivyofikia Gatsata?" Spès alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Umesahau ile nyumba isiyo na paa, familia tatu chumba kimoja, mvua inamnyeshea Gaju mpaka kifua kikajaa? Nikajifungulie wapi, Cassien? Nikajifungulie kwenye turubai?"

"Anataka sura ya mtoto wake tu."

"Leo. Kesho atataka na ukuta wa kuitundikia."

Cassien alirudi barazani, akashika msumeno. Pembe ya kwanza aliikata ikapotoka. Ya pili ikapotoka. Akaweka msumeno chini, akausimamisha ubao, akaulaza, akanywa maji, akatoka mpaka barabarani kutazama hajui nini, akarudi. Jirani yake, fundi wa viatu, alimuuliza kwa utani kama naye ana uchungu wa kuzaa.

* * *

Ofisi ya Mutsinzi ilikuwa mjini, ghorofani, na madirisha yake nusu yalikuwa na vioo, nusu plastiki. Kellen, karani wake, alimweka Cassien kwenye benchi la korido asubuhi nzima, akipita mara kwa mara na kumwambia "mheshimiwa yuko na wageni," hata baada ya wageni kuondoka wote mbele ya macho yake. Alipoingizwa, hakupewa kiti.

"Fundi! Umekuja kuomba kazi?"

"Hapana, mheshimiwa. Nimekuja kuhusu fremu ile." Diploma ilikuwa juu ya kichwa cha Mutsinzi, inang'aa, imewekwa mahali ambapo kila aliyeingia lazima aisome kabla ya kumwona mwenyewe. "Nina wasiwasi imeingia fukusi, wale wadudu wanaotoboa mbao. Wakishamaliza mbao wanahamia kwenye karatasi. Nataka kuifungua niitazame. Bure kabisa."

Uongo ule aliufanyia mazoezi njia nzima, na bado ulimtoka kwa kigugumizi.

Mutsinzi aliegemea nyuma. "Bure? Tangu lini fundi anafanya kitu bure? Unataka kunibadilishia kioo, sema kweli. Umeona kioo kizima, mji mzima umepasuka, ukakitamani."

"Mungu wangu, hapana."

"Haya. Ifungue hapa hapa, mbele yangu. Kellen, njoo usimame hapa umwangalie mikono."

Wakamtandikia gazeti sakafuni. Fundi mwenye miaka ishirini ya kazi na mvi za kwanza alipiga magoti kwenye zulia la watu huku binti wa umri wa kuzaliwa naye akimchunga kama mwizi. Aling'oa vimisumari kimoja kimoja kwa koleo. Akainua ubao wa nyuma.

Picha ilikuwa imelala pale, kifudifudi. Akaigeuza.

"Ni nini hiyo?" Mutsinzi aliuliza.

"Ni picha."

"Naona ni picha! Imeingiaje nyuma ya diploma yangu?"

Kellen alikwisha kuinama. "Yiii, watoto wazuri hawa," alisema kwa sauti ndogo. "Wamevaa nguo za sikukuu."

"Ni watu wa nyumba ninayokaa," Cassien alisema. Alichoka ghafla na uongo. "Fremu ilikuwa yao, mheshimiwa. Mimi niliitengeneza upya nikakuuzia. Mama yao amerudi, anaitaka picha."

Mutsinzi mwenyewe alikuwa anakaa katika nyumba yenye bustani na mawaridi, ambayo hakuyapanda, na sebuleni kwake mlikuwa na piano ambayo hakuna mtu wa familia yake aliyejua kuipiga. Mwenye piano hakumjua wala hakutaka kumjua. Aliitazama ile picha kwa muda, kisha akatazama pengo jeupe ukutani juu ya kiti chake.

"Chukua picha uende nayo," alisema. "Na hiyo fremu rudisha ukutani, inyooke. Nina wageni wengine."

Kellen alimletea kalenda ya mwaka uliopita aiweke mahali pa picha. Alipomsindikiza mpaka mlangoni, alimshika mkono wa shati. "Baba," alisema, na asubuhi nzima alikuwa hajamwita baba, "mpelekee leo leo."

* * *

Hakumpelekea leo leo.

Mvua ilimkuta njiani, akaingia nyumbani na picha kifuani, ndani ya shati. Spès alifuta mikono yake, akaipokea picha, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

Kushoto, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, walisimama mwanamume wa kanzu na mwanamke aliyenenepa kidogo, anayecheka, na ungeapa si Zura. Mbele yao msichana wa shungi na mvulana mwenye kofia ya kufuma. Kulia, theluthi nzima ya picha, palikuwa na mlango ulio wazi nusu, pazia lake, na juu yake mwezi na nyota, na mwezi umepinda. Maji yalikuwa yameacha doa upande ule, lakini mwezi ulionekana, usiseme.

Spès aliutazama mlango. Cassien aliutazama mlango. Kama mtu angewauliza dakika ile kuna watu wangapi kwenye picha, wangeshindwa kumjibu.

"Huyu mvulana ndiye wa mwisho," Spès alisema baadaye, sauti imepungua. "Maskini. Ana macho ya mama yake."

"Ndiye."

"Sikuambii uichane, Cassien. Wala uichome. Mimi si mnyama." Alikaa kitako kitandani, akashika tumbo. "Lakini wewe si fundi? Mtu akikuletea picha imeharibika kona, unafanyaje?"

Alijua anachoulizwa. Alisubiri kidogo, labda angeona njia nyingine.

"Naweka paspatu," alisema.

Paspatu ni kadi unayoikata dirisha katikati, ukailaza juu ya picha chini ya kioo. Kinachoonekana ni kile ulichokiachia dirisha. Mengine yapo palepale, salama, hayajaguswa na mkasi, ila hayaonekani. Mafundi huifanya kwa urembo, na hufanya hivyo pia kuficha doa, kuficha mume aliyeachwa, kuficha chupa za bia kwenye picha ya ubatizo. Hakuna mteja anayeuliza.

Cassien aliifanya kazi ile mchana kutwa siku ya pili, mvua ikipiga bati. Alichukua kadi ya maboksi ya biskuti za msaada, akaivisha kitambaa cheupe alichokikuta kabatini, akapima, akakata. Safari hii hakupotosha mstari hata mmoja. Alitengeneza fremu mpya kwa kipande cha libuyu alichokuwa amekiweka akiba kwa kazi ya maana, pembe zikakutana hata unywele haupiti. Alipaka vanishi, akasubiri, akapaka tena. Alipoweka kioo, wale wanne walitulia katikati ya weupe kama walipigwa studio, mlango umetoweka. Hakuwahi kutengeneza fremu nzuri kama ile, na hakujisikia kuitazama. Aliifunika kwa gazeti, akaifunga kamba.

"Ni nzuri," Spès alisema.

"Nyamaza," Cassien alimwambia, naye si mtu wa kumwambia mkewe nyamaza.

* * *

Ijumaa Zura alikuja wakati wanaume bado wanatoka msikitini, kanzu zinapita uchochoroni mbele ya baraza. Alikuwa ameoga, amejifunga mtandio mwingine, wa kuazima. Alisimama palepale chini ya ngazi.

Cassien alishuka, akampa kwa mikono miwili. "Tumeipata. Nimekutengenezea fremu mpya. Hatutaki chochote."

Vidole vya Zura vilishindwa na kamba, Cassien akamkatia. Gazeti likaanguka.

"Ya Rabi," Zura alisema.

Aliketi kwenye ngazi bila kukaribishwa. Aligusa kioo juu ya uso wa Masudi, akaufuata mstari wa bega lake. "Kanzu hii aliishona mwenyewe, alikesha." Akacheka, akalia, vyote pamoja. "Na huyu Hawa na shungi lake, alitaka la rangi ya waridi, tukagombana. Na huyu Ramadhani wangu, tazama alivyojikaza, anajifanya mwanaume."

Spès, mlangoni, alishusha pumzi. Imepita, alijiambia. Mungu mkubwa, imepita.

Zura aliisogeza picha mbali, akaileta karibu. Akaigeuza akatazama nyuma, akaigeuza tena.

"Na Yunusi?"

"Nani?" Cassien aliuliza.

"Yunusi. Mdogo." Alitazama pembezoni mwa kitambaa cheupe, kama mtu anayetazama chini ya kitanda. "Yunusi wangu yuko wapi?"

"Si huyu mwenye kofia?"

"Huyu ni Ramadhani, nimekwambia! Yunusi alikuwa hapa, upande huu." Kidole chake kiligonga kioo, juu ya weupe mtupu. "Alikataa kusimama na wenzake. Alimwogopa yule mpiga picha, akakimbilia ndani, akabaki anachungulia penye pazia. Mpiga picha akasema basi, tumpige huko huko. Alikuwa hapa. Alikuwa mlangoni!" Sauti yake ilipanda, watu waliotoka kuswali wakaanza kusimama. "Fundi, umemweka wapi mwanangu?"

Cassien aliitazama sehemu ile nyeupe. Pazia. Aliliona lile pazia. Alikuwa amelipima kwa rula, akalipigia mstari wa penseli, akalifunika. Siku mbili aliutazama ule mlango akiuona kama adui, na hakumwona mtu aliyekuwa amesimama ndani yake.

"Mama," alianza. "Maji yaliharibu upande huo..."

"Fungua."

Hakuwa Zura aliyesema. Spès alikuwa ameshuka ngazi, ameshika koleo aliloliokota juu ya meza ya kazi. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Spès, Bayingana..."

"Nimesema fungua, Cassien! Kuna mtoto humo ndani. Unataka abaki humo?"

Akafungua. Hapo kwenye ngazi, mbele ya watu wa Ijumaa, aling'oa vimisumari alivyovipigilia kwa ustadi mkubwa kuliko vyote maishani mwake, akatoa ubao, akatoa kadi ile nyeupe. Zura alikuwa ameshanyosha mkono kuipokea picha.

Palikuwa na doa, na palikuwa na pazia, na penye ukingo wa pazia, chini, kimo cha kitasa, nusu ya uso. Jicho moja kubwa. Shavu. Kidole mdomoni.

"Huyo," Zura alisema. "Huyo hapo. Huyo hapo."

Aliyarudia mpaka yakawa si maneno tena. Spès alijiteremsha taratibu, tumbo na yote, akakaa kando yake kwenye ngazi. Hakujua afanye nini na mikono yake, akamshika Zura kisigino, kilichokuwa karibu.

Mzee mmoja kati ya waliosimama aliinama akaitazama picha. Kisha akainua macho juu ya mlango wa nyumba, penye mwezi wa bati uliopinda. Akatazama picha tena. Wote walimwona, na Cassien alijua kwamba kabla ya jua kuzama Bayingana atakuwa amepata habari. Alishangaa kuona hashtuki.

Hatimaye Zura aliinuka. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akachukua fremu, akairudishia picha mwenyewe, bila kadi, akambana Cassien kwa macho mpaka akairudishia vimisumari. Kisha akapanda ngazi. Mlango ulikwama kama kawaida yake, naye akausukuma kwa nyonga, chini, pale penyewe unapokwamia, bila kutazama.

Wakasikia hatua zake sebuleni. Wakasikia fremu ikigusa ukuta. Fremu mpya ilikuwa ndogo kuliko ile ya zamani, kwa hiyo pande zote palibaki ukanda wa chokaa nyeupe.

Gaju alikohoa chumba cha nyuma. Hatua zikasimama, zikaenda huko, zikakaa. Kikohozi kikatulia. Spès alitaka kuinuka, Cassien akamzuia.

Zura alirudi akasimama kizingitini, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umeshika pazia. Aliwatazama wawili wale chini ya ngazi, mwanamke na mimba yake, mwanamume na koleo lake.

"Yule mtoto mnampa maji baridi," alisema. "Kifua kile hakitaki maji baridi." Akaitazama mimba ya Spès. "Kesho naleta mkeka wangu. Chumba cha mbele ni changu. Mama akishajifungua na akapata nguvu, mtatafuta kwenu, na mimi sitabembeleza mtu."

"Ndiyo, dada," Spès alisema.

"Sasa mbona mmesimama nje?"

Zura alilivuta pazia pembeni, akawapisha njia.

"Karibuni," alisema.